Mjadala: Nani hasa aliiokoa Corvette, Duntov au Ford?

Mwanzisha mada:
Wakuu, ukigusa tu habari za Corvette, gari la spoti la viti viwili la Chevrolet (tawi la General Motors), utaambiwa mhandisi Zora Arkus-Duntov ndiye baba yake. Mimi napinga. Gari lilionyeshwa New York, hoteli ya Waldorf-Astoria, Januari 1953. Duntov aliajiriwa General Motors Mei mwaka huohuo. Wazo lilikuwa la Harley Earl, mkuu wa wabunifu wa maumbo, aliyeona Wamarekani wakizichangamkia MG na Jaguar, magari ya spoti ya Waingereza.

Na tuseme ukweli, lilikuwa zuri kwa kulitazama tu. Magari 300 ya kwanza, yote meupe yenye viti vyekundu, yaliungwa Flint, Michigan, bodi za fibaglasi. Mlango hauna kitasa cha nje: unapenyeza mkono ndani ndipo ufungue. Vioo vya kupandisha hakuna, mvua ikija unachomeka mapazia ya plastiki pembeni. Chini ya boneti kuna injini ya silinda sita, kabureta tatu, nguvu ya farasi 150, halafu giaboksi otomatiki ya gia mbili! Eti gari la spoti, kwa dola 3,498.

Mwaka 1954 kazi ikahamia St. Louis, yakatoka 3,640, mengi yakakosa wanunuzi. Mwaka 1955 yakatengenezwa 700 tu. Hapo mhasibu yeyote angesema lifutwe. Kilichowazuia ni Thunderbird, gari la viti viwili la Ford. Ford walikuja nayo mwaka huohuo ikiwa na V8 (injini ya silinda nane) na vioo vya kupandisha, wakauza zaidi ya 16,000. Chevrolet wangeondokaje uwanjani hasimu ndiyo kwanza anaingia? Kwangu, aliyeiokoa Corvette ni Ford.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mbona Ed Cole humtaji? V8 ya 1955, farasi 195, ilitoka kwake akiwa mhandisi mkuu wa Chevrolet. Haikuundwa kwa ajili ya Corvette hata kidogo, ilikuwa ya Chevrolet za watu wa kawaida. Corvette ilidandia tu. Ubishi na Ford bila injini hiyo ungekuwa kelele tupu.

Mchangiaji wa pili:
Ya Cole naafiki. Ila hiyo hoja ya Ford mnayoishikilia, aliyeipeleka kwa wakubwa ni nani? Ni Duntov huyohuyo. Oktoba 1954 aliwaandikia wakubwa wake, Cole na Maurice Olley, kwamba kuliua gari wakati Ford anaingia sokoni ni kukiri kushindwa. Kabla yake, Desemba 1953, alishaandika waraka kuhusu vijana wanaopenda kuchokonoa injini: wote mawazo yao yako kwenye Ford, kwa hiyo Chevrolet iwape vifaa vya kuongeza nguvu. Na hakuishia kwenye makaratasi. Januari 1956 alikaa mwenyewe nyuma ya usukani Daytona Beach, akalipeleka gari maili 150 kwa saa. Mwaka 1957 likaja na mfumo wa kupuliza mafuta, farasi 283, na gia nne za mkono. Hilo sasa ndilo la spoti.

Mwanzisha mada:
Barua nzuri, sikatai. Lakini mwaka mzima wa 1954 Duntov yumo ndani ya kampuni, na gari linauzwa na silinda sita zilezile na gia mbili zilezile. Wakubwa walianza kumsikiliza Thunderbird ilipowakaba koo. Tena vioo na vitasa vya nje Corvette ilivipata 1956, baada ya Thunderbird kuvitangulia.

Mchangiaji wa pili:
Sawa mkuu, nikujibu kwa hoja yako mwenyewe. Ford walilitupa gari la viti viwili baada ya 1957. Thunderbird ya 1958 ilikuwa ya viti vinne, gari la starehe. Hasimu kashatoka uwanjani, lakini mwaka huohuo zikatengenezwa Corvette 9,168. Kama kilichoiweka hai ni Ford, hizo zilitengenezwa kumkomoa nani?