Mjadala: Lokichar isukumiwe maji ya Turkwel, au gesi na povu?

Mkaazi wa Kasarani: Tangu mafuta yagunduliwe huko Lokichar, Turkana, katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, tumesikia mpango wa kuvuta maji ya bwawa la Turkwel hadi Lokichar ili yasukume mafuta ardhini, huku wafugaji wakifukua mchanga wa mto kutafuta ya kunywa. Kwa nini tusiyasukume kwa povu, yaani gesi na maji kidogo ya sabuni? Sehemu kubwa ya povu ni gesi, na hata mama anayefua Kariobangi anajua hilo.

Mhandisi Embakasi: Ningejibu hoja ya maji, lakini huyo mama wa karai amenikera. Ndani ya mwamba hakuna mkono wa kusugua. Gesi ikipenya koo jembamba kati ya matundu mawili na kutokeza penye upana, maji ya sabuni hurudi kooni na kuikata, kikabaki kiputo. Nacho kikifika njia panda, utando wake wa sabuni hugawanyika, vikawa viputo viwili. Mwamba wenyewe ndio unaofua.

Binti wa Mfuaji: Mama yangu alifua nguo za watu nikasoma kemia, kwa hiyo tafadhali, mhandisi, chunga ulimi. Aproni ya muuza chipsi ikiingia karaini, povu hunywea papo hapo. Mama alilijua hilo kabla yako, nawe unataka kupeleka povu mahali palipojaa mafuta?

Mhandisi Embakasi: Sikumtukana mzazi wako, dada. Povu hutakiwa kusimama katika tabaka ambalo mafuta yake yamekwisha kusukumwa, kwa kuwa huko ndiko gesi hupita mbio. Likiziba hapo, gesi hulazimika kuingia kwenye tabaka gumu lililoachwa nyuma na mafuta yake. Wanorwei walilijaribu Snorre, eneo lao la mafuta, mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mzee wa Umoja: Snorre iko baharini, mwanangu. Mafuta ya Lokichar yana nta, huganda yakipoa. Isitoshe, sabuni hunata kwenye mwamba njiani, nayo hainunuliwi kwa mkopo wa duka la mtaani.

Mwanafunzi wa Parklands: Nimekesha mbele ya bomba la kioo lililojaa mchanga na maji ya sabuni. Gesi ikienda polepole hupita kimya, mshale wa geji ya shinikizo hautikisiki. Ongeza mwendo kidogo kidogo, na ghafla mshale huruka, kisha gesi ileile hutoka kwa taabu kana kwamba mchanga umebadilishwa. Je, mbali na kisima, ambako gesi hutambaa tu, mwendo huo utatoka wapi?

Mhandisi Embakasi: Povu huzaliwa karibu na kisima, kisha husafiri.

Binti wa Mfuaji: Husafiri likiwa na maji ya kutosha. Utando ukikauka kupita kiasi hupasuka, na gesi hurudia njia yake ya zamani. Hata hilo huonekana karaini.

Mkaazi wa Kasarani: Jamani, niliuliza habari ya maji ya Turkwel.

Mzee wa Umoja: Nami nakuuliza gesi yenyewe utaitoa wapi.

Mhandisi Embakasi: Tutafika huko, mzee. Kwanza dada akubali kwamba karai si mwamba.