Bustani ya lupango (kiwanja cha nyumbani) hapa Lubumbashi, mwezi wa 9: chungu, chupa au majani makavu?

Mtu wa Katuba: Jambo wandugu. Kisima chetu kimeanza kushuka. Asubuhi napata bidoni nne za lita 20, na mbili ni za nyumbani. Mvua hatuitazamii kabla ya mwisho wa mwezi wa 10. Nina vitanda vitatu: lengalenga (mchicha), kabichi ya Kichina na nyanya. Ipi inaokoa maji kweli: kuzika chungu, kupindua chupa yenye matundu, au kufunika udongo kwa majani makavu? Majirani wangu wawili wanabishana juu yake kila jioni, na bustani zao zote mbili zimekauka.

Mama Lengalenga: Chungu, baba. Ninavyo sita. Kiwe cha udongo uliochomwa, kisipakwe rangi, maana maji yanapenya kwenye kuta zake. Kizike mpaka shingoni, funika mdomo kwa kigae mbu wasitage. Udongo ukikauka unayavuta maji wenyewe; ukiwa na unyevu unayaacha. Mimi najaza kila siku ya tatu. Lakini hiyo ni kwa nyanya. Lengalenga unamwaga mbegu kitanda kizima na chungu kinanywesha duara dogo tu, utanunua vyungu vya soko zima.

Kijana wa Rwashi: Chupa ni za bure, mama. Toboa kifuniko kwa sindano ya moto, ipindue kando ya shina. Tundu likiwa kubwa, maji yanaisha kabla hujarudi ndani. Likiwa dogo, udongo unaliziba, kwa hiyo funga kitambaa mdomoni.

Yaya wa Kampemba: Majani nayapenda, ila mchwa wa kwetu mnawajua. Mwaka jana nilitandaza nyasi nene kwenye kabichi. Juma la pili walikuwa wamezimaliza, wakahamia kwenye mashina. Majivu yaliwazuia siku tatu. Sasa natandaza unene wa vidole viwili, mbali na shina, na nazigeuza kila asubuhi.

Lakini kilichoniokoa hasa hakimo kwenye swali lako. Kitanda cha kuinuliwa ni cha wakati wa mvua! Kiangazi unachimba, kitanda kinazama kiasi cha kiganja, ukingo unabaki juu. Maji unayomwaga hayakimbii, na upepo haukaushi haraka. Mwagilia jua likishazama.

Mzee wa Kamalondo: Mbona hamuulizi maji yanatoka wapi? Wanaochota Naviundu wajue mto huo umebeba shaba na kobalti. Na upande wa Penga Penga, ambako upepo umepeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba miaka na miaka, udongo wenyewe una shida. Mboga za huko unaweza kuziosha vumbi, lakini kilichoingia kupitia mizizi hakioshwi.

Mtu wa Katuba: Asante mzee, mimi ni kisima tu. Na maji ya kufulia?

Mama Lengalenga: Ya kusuuza, mpe mgomba. Ya povu usiyapeleke bustanini kabisa.

Mtu wa Katuba: Basi vitanda vya lengalenga na kabichi navizamisha. Nyanya ni mashina manane: sita chupa, mawili chungu. Kesho jioni naanza kuchimba.

Kijana wa Rwashi: Tuma picha. Na hao majirani wakianza kubishana, wape jembe.