Naomba ushauri: mawe ya chokaa yanashika gamba kwenye mfereji wa maji ya mgodi

Wakuu, maji yanatoka mgodini na pH 3 (asidi kali; 7 ndiyo kati), chuma 40 mg/L, alumini 15 mg/L. Ili kupunguza asidi, yanapita kwenye mfereji wa mawe ya chokaa wenye mteremko mdogo, 3% tu. Mwanzoni pH ilifika 6, sasa imeshuka hadi 4. Ukipasua jiwe, ndani jeupe, nje gamba la rangi ya chungwa.

Kuufukia mfereji ili hewa isiingie hakutasaidia: alumini itaganda na kuziba. Nafikiria bwawa la maji kushuka wima, mboji sentimita 50 juu ya kokoto za chokaa, bakteria wa kwenye mboji wamalize oksijeni kwanza ili chuma kisigande juu ya chokaa. Je, mabomba ya kufukuzia tope la alumini yapangweje? Manganizi iliyomo kwenye maji hayo isubiri, inataka pH ya juu zaidi.