Majipu yanarudi, maabara imesema MRSA (staph sugu kwa penisilini na jamii yake): dawa gani, na nyumbani tufanyeje?

mtoa_huduma_Mbagala ameuliza:

Habari za humu wakuu. Naomba wanaoelewa bakteria sugu wanisaidie. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 38. Majipu yanamtoka kinenani na makalioni. Moja likipona jingine linaota, miezi sasa. Ameshapewa Ampiclox, ikafuata Augmentin, halafu sindano za seftriaksoni siku tano. Jipu la mwisho limepasuliwa na usaha ukaoteshwa maabara ili kumjua bakteria na dawa inayomuweza (S ni dawa inamuweza, R ni haimuwezi). Jibu: Staphylococcus aureus (staph), sefoksitini R, erithromaisini R, klindamaisini S, Septrin R, tetrasaiklini S, siprofloksasini R, jentamaisini S. Sukari iko sawa, VVU hana.

Nyumbani wako watano kwenye vyumba viwili, bafu wanachangia na wapangaji wenzao, wanaoga kwa ndoo. Mtoto wa miaka sita naye ameanza kijipu pajani. Mke ananyonyesha.

Je, hiyo S ya klindamaisini ni ya kuaminika? Na haya maji ya JIK yanayoandikwa kila mahali yanaogwaje kwa mtu asiye na sinki la kuogea?

benchi_la_maabara:

Anza na sefoksitini, maana hiyo ndiyo inayotuambia kuwa ni MRSA. Ikisoma R, penisilini zote na sefalosporini za kawaida zimeondoka: Ampiclox, Augmentin, kloksasilini, sefaleksini, seftriaksoni. Hata karatasi ikiandika S mbele ya mojawapo, usiifuate. Bakteria huyu ana jeni ya mecA, inayomwezesha kutengeneza protini ya kujengea ukuta wake ambayo dawa hizo haziwezi kuishika. Augmentin haiongezi kitu hapa, kwa sababu kile kilichoongezwa ndani yake kinazuia kimeng'enya cha kuvunja penisilini, na tatizo la huyu si kimeng'enya. Wala si jambo jipya: methisilini iliingia sokoni 1959, na kufikia 1961 Uingereza walikuwa wameshatoa taarifa ya staph isiyoisikia.

Kuhusu klindamaisini, umeuliza penyewe. Erithromaisini R ikikaa pamoja na klindamaisini S, usiandike dawa kabla hujauliza maabara kama walifanya D-test. Kwenye sahani ya agari (chakula cha kuoteshea bakteria), diski ya erithromaisini, yaani kikaratasi chenye dawa, huwekwa milimita 15 hadi 26 kutoka ile ya klindamaisini, kisha sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Asubuhi unatazama ule uwazi usioota bakteria unaozunguka klindamaisini. Upande unaoelekea erithromaisini ukiwa umebonyea, umbo likawa la herufi D, basi bakteria ana usugu uliolala, na anaweza kuuamsha mgonjwa akiwa katikati ya dozi. Hapo jibu la klindamaisini ni R. Uwazi ukibaki mviringo kamili, S ni S kweli.

Kijipu cha mtoto kikipasuliwa, nacho kioteshwe. Usaha utoke ndani, baada ya ngozi kusafishwa kwa spiriti. Pamba iliyopitishwa juu ya kidonda huokota bakteria wa kawaida wa ngozi, na mtu anatibiwa bakteria ambaye hamsumbui. Sampuli ichukuliwe kabla ya antibayotiki, na majibu ni siku mbili hadi tatu.

mfamasia_Temeke:

Nitangulize hili: jipu lililotunga usaha tiba yake ni kupasuliwa. Dawa haipenyi vizuri kwenye mfuko wa usaha, ndiyo maana mtu anameza vidonge vya wiki mbili na uvimbe uko palepale. Likiwa bado gumu, kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, hadi liive. Kulikamua ni kuwasukuma bakteria kwenye nyama za pembeni.

Kwa jibu hilo, dawa ya kumeza inayoonekana kumfaa baba ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 5 hadi 7 baada ya kupasuliwa. Wekundu ukiwa umetanda pembeni, daktari anaweza kufikisha siku 10. Hiyo ni dozi ya mtu mzima, na cheti kiandikwe na daktari aliyeiona karatasi ya majibu. Ameze kwa glasi nzima ya maji akiwa amekaa, asilale nusu saa, la sivyo kidonge kinakwama na kuchoma koo la chakula. Asichanganye na maziwa, vidonge vya damu wala dawa za kiungulia, kwa sababu vinaizuia isiingie mwilini. Na ngozi inaungua upesi kwa jua, kwa hiyo kwa anayeshinda barabarani, mikono mirefu na kofia.

Jentamaisini isiwavutie kwa ile S. Ndani ya usaha inafanya kazi vibaya, na inaumiza figo na masikio. Rifampisini kamwe isitolewe peke yake: usugu wake huzuka haraka, na ni dawa tunayoihitaji kwa kifua kikuu. Linezolidi na vankomaisini ziachwe kwa wagonjwa wazito walio chini ya uangalizi wa hospitali.

Mtoto dozi yake inapigwa kwa uzito. D-test ikiwa safi, klindamaisini inafaa kujadiliwa na daktari. Kijipu kidogo kilichopasuliwa vizuri mara nyingi hakihitaji antibayotiki kabisa. Mama kama hana jipu hana cha kumeza.

Tafadhali pia waachane na zile krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kwenye mrija mmoja. Steroidi inafuta wekundu, mtu anadhani anapona, kumbe kinga ya ngozi imelazwa.

nesi_wa_jamii:

Dada au kaka wa Mbagala, dawa peke yake haitakata huu mzunguko. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hubeba staph puani bila kuumwa, na MRSA hukaa hapohapo, na kwapani na kinenani. Kwa hiyo majipu yakishapoa, nyumba nzima ianze siku moja. Wakianza kwa kupishana, aliyemaliza ataambukizwa upya na ambaye hajaanza.

Puani: mupirosini (antibayotiki ya kupaka) ya asilimia 2, mara mbili kwa siku, siku 5. Kiasi cha kichwa cha kiberiti kila tundu, kwa kijiti kipya cha pamba, kisha bana pua na kuisugua taratibu kwa dakika moja. Isipitishe hizo siku tano na isigeuzwe mafuta ya kila siku, maana nayo huzoewa.

Mwilini: klorheksidini ya kuogea ya asilimia 4, siku hizohizo 5. Soma lebo, dawa nyingine za kuulia vijidudu zinafanana kwa rangi tu. Kwanza oga kwa sabuni ya kawaida na ujisuuze hadi utelezi uishe, kwa sababu mabaki ya sabuni huiua klorheksidini. Kisha weka kopo chini, jipake kuanzia shingoni kushuka, kaza kwapa, kinena na katikati ya makalio, subiri dakika mbili, suuza. Macho na masikio usiguse. Mama asuuze matiti vizuri kabla ya kunyonyesha, na mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe bila daktari. Dodoki litupwe, halikauki ndani. Tumieni kitambaa kidogo, kila mtu chake, kifuliwe kila siku.

Kuhusu JIK: iliyo nyingi madukani ni asilimia 3.5, lakini hakikisha kwenye chupa. Mililita 30 kwenye lita 20 za maji inatoa takriban asilimia 0.005, ndiyo nguvu inayotakiwa. Vijiko vya nyumbani havilingani, nunua bomba la sindano la mililita 10 na uvute mara tatu. Mtoto akae kwenye beseni kubwa la kufulia dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa wiki. Mtu mzima aloweshe taulo dogo kwenye maji hayo, alibandike kinenani na kwapani kwa muda uleule, alichovye tena kila likipoa, kisha ajisuuze. Yachanganywe saa ileile ya kuoga, na JIK isikutane na dawa ya choo wala siki: inatoa gesi ya sumu.

Taulo, khanga ya kujifutia na wembe ni vya mtu mmoja. Shuka zibadilishwe siku ya kwanza na ya tano, zikauke juani, zipigwe pasi ya moto hasa kwenye mishono. Kidonda kifunikwe kwa gozi kavu, na gozi yenye usaha ifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa. Anayebadilisha anawe kabla na baada hata kama amevaa glovu.

mtoa_huduma_Mbagala:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Maabara wamesema D-test haikufanywa, wanairudia. Mtoto aende shule? Na ni lini tuache ya nyumbani tukimbilie hospitali?

nesi_wa_jamii:

Shule aende, mradi kidonda kimefunikwa na usaha hauvuji nje ya bandeji. Ukivuja, abaki nyumbani.

Hospitali ni siku hiyohiyo kukiwa na homa na kutetemeka, wekundu unaopanuka (zungushia kalamu ukingoni uone kama unavuka), maumivu makali kuliko ukubwa wa kidonda, maumivu mapya ya mgongo, kushindwa kupumua vizuri, au jipu puani ama kwenye mdomo wa juu. La usoni lisiguswe na mtu yeyote nyumbani: mishipa ya damu ya hapo inaelekea ndani ya kichwa. Amana, Temeke na Mwananyamala wanapokea saa 24, Muhimbili pia. Waambieni mapema, pale mapokezi, kuwa ana MRSA, ili wavae glovu na wasimlaze karibu na mwenye kidonda cha upasuaji.

benchi_la_maabara:

Nyongeza ndogo. Msirudishe watu maabara kuoteshwa pua baada ya zile siku tano kama hakuna jipu jipya. Jibu halibadilishi chochote. Jipu jipya likitokea, huo usaha ndio uoteshwe, maana orodha ya S na R huenda isiwe ileile.