Kubuku kruzi ijayo ukiwa bado melini au kusubiri ufike nyumbani, ipi inaokoa hela kweli?

MamaKelvin_Katy
Wakuu habari za wikendi. Mwezi ujao tunapanda meli ya Royal Caribbean pale Galveston, mimi, baba Kelvin na watoto wawili. Sasa kuna rafiki zetu hapa Houston kila wakitoka kruzi wanakuwa wameshabuku nyingine wakiwa humohumo ndani, kwenye ile ofisi ya NextCruise, wanasema ni rahisi kuliko kubuku ukisharudi. Baba Kelvin anasema hapana, mtu akiwa likizo moyo umefunguka anasaini chochote, tusubiri turudi tutulie tutafute ajenti au tuvizie ofa za mwanzo wa mwaka. Mi sitaki maneno nataka hesabu. Kuna njia tatu naona: melini, ajenti nyumbani, au kusubiri ofa. Na watoto wanalia na kruzi za Disney, kwa hiyo mwenye uzoefu wa Disney pia aseme. Naombeni tulinganishe kwa ukweli maana hii hela tunaichanga.

Nahodha_Tampa
Dada, kwanza tutenganishe vitu viwili watu wanavichanganya. Nauli ya kabini na marupurupu. Nauli ya Royal utakayopewa melini kwa kawaida ndo ileile iliyoko kwenye tovuti yao siku hiyo, hakuna bei ya siri ya wale walioko ndani. Kinachoongezeka ni krediti ya kutumia melini, wanakuwekea kiasi fulani kwenye akaunti ya safari ijayo, kiasi kinategemea safari ni ya siku ngapi na kabini ni ya aina gani, ya ndani isiyo na dirisha unapata kidogo, balkoni unapata zaidi, switi zaidi tena. Halafu mara nyingine wanapunguza dipoziti. Nyumbani dipoziti ya safari ya siku 6 hadi 9 imekuwa dola 250 kwa kichwa, nyie mko wanne ni dola 1,000 inatoka mkononi leo, melini mara nyingi unaingia kwa pungufu ya hapo.

Chukua mfano tu, kabini ya balkoni dola 2,400 kwa watu wawili, melini wanakupa krediti ya dola 100. Hiyo ni kama asilimia 4. Inasaidia lakini sio ile "nusu bei" watu wanaivumisha. Ila sikiliza hapa ndo penye faida yenyewe: kwa sisi tuliobuku kwa masharti ya Marekani, bei ikishuka kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho unaweza kupiga simu wakakuwekea bei mpya. Royal malipo ya mwisho ni siku 90 kabla ya kuondoka kwa safari za siku 5 na kuendelea, siku 75 kwa zile fupi. Kwa hiyo ukibuku melini mapema hujafungwa na bei ya juu, umeshika kabini na unaendelea kuichungulia bei kila wiki. Ikishuka unaipata, ikipanda haikuhusu. Ukipiga simu uliza kabla hawajabadilisha kitu, "ile krediti ya NextCruise inabaki au inaondoka?" maana nauli ya promo mpya inaweza kuja na masharti yake, ukashusha dola 60 ukapoteza 100.

Chogo_wa_Bahati
Nahodha umeeleza vizuri ila umeruka kitu kikubwa, dipoziti isiyorudi. Nauli ya chini kabisa unayoiona pale kwenye skrini mara nyingi ni ya dipoziti isiyorudishwa. Ukighairi hela hairudi mkononi, na hata kuhamisha tarehe au meli Royal wamekuwa wakitoza dola 100 kwa kila mtu. Familia ya watu wanne hiyo ni dola 400 kwa sababu tu bosi amekataa likizo. Ile ya dipoziti inayorudi nauli yake iko juu kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza pale dirishani sio krediti ni bei gani, swali ni "hii hela inarudi au hairudi" na uone imeandikwa kwenye karatasi sio aseme kwa mdomo.

Mvita_Leicester
Jamani wa Uingereza msiyachukue haya ya Marekani mkayabandika kwetu. Hiyo habari ya bei kushuka ukapiga simu ukapewa bei mpya, kwetu huku kwa kawaida haiko hivyo, ukishaweka dipoziti ndo umeweka. Kwa hiyo kwetu kubuku melini kuna hatari zaidi maana faida ya Nahodha hatuna. Na kabla hujasaini hakikisha safari uliyobuku inaingia kwenye ofisi ya Uingereza kwa pauni na masharti ya huku, si kwa dola. Mwaangalie pia kinga ya hela zenu, yaani nani atakurudishia kampuni ikifilisika, kifurushi chenye ndege ndani yake kinakuwa na kinga ya ATOL, kruzi peke yake bila ndege ni ya ABTA, uliza wazi uko wapi kati ya hizo. Mimi nyumbani kwangu huwa nafanya hivi, melini nachukua karatasi ya bei tu, bure, naenda nayo kwa ajenti wangu namuuliza ataishinda? Mara nyingi anaikaribia au anaongeza krediti yake mwenyewe.

Nahodha_Tampa
Mvita asante, hilo la Uingereza ni kweli kabisa, mwenye kusoma azingatie amebuku kwa nchi gani.

Msosi_Deki5
Mimi nilifanya kazi melini miaka ile, upande wa mgahawa, mzaliwa wa Likoni. Niwaambie tulivyoona sisi wa ndani. Wale wanaokaa deski la kubuku kruzi ijayo wanafanya kazi ya mauzo, malipo yao yanaendana na walichouza, hilo mlijue bila kuwachukia, wengi ni watu waungwana na wanazijua ratiba za meli kuliko mtu yeyote utakayempata kwa simu. Ila nendeni mapema, siku ya pili au ya tatu. Siku ya mwisho ya baharini foleni inakuwa ndefu hadi inakera na mhudumu hana muda wa kukulinganishia tarehe tatu tofauti, anakuuzia ile ya kwanza uliyotaja. Ukienda mapema unapewa makadirio yameandikwa, unarudi nayo kabini mnalala nayo na mumeo, kesho mnaamua. Hiyo inajibu hofu ya baba Kelvin vizuri zaidi kuliko kukataa kabisa. Na nendeni na tarehe za shule mkononi, watu wengi wanabuku wiki ambayo watoto wana mitihani.

Bi_Shangazi_Orlando
Kwa Disney hapa nina la kusema na nalisema kwa herufi kubwa, HUKO NDO KUNA PUNGUZO LA KWELI. Disney ukiwa melini unanunua nafasi ya baadaye kwa dola 250, hujachagua meli wala tarehe, halafu ukija kuchagua unapata asilimia 10 ya nauli. Sio krediti ya kununulia juisi, ni nauli yenyewe inashuka. Una miezi 24 ya kusafiri. Na kwa safari za siku 7 na zaidi dipoziti inakuwa asilimia 10 badala ya 20, kwa familia hiyo ni unafuu mkubwa wa kuanzia. Hiyo 250 ukiamua hutaki tena unarudishiwa. Tuseme nauli yenu wanne ni dola 6,000 ukiacha kodi na ada za bandari, maana asilimia 10 haigusi kodi, hapo ni dola 600 zimebaki mfukoni. Hakuna ajenti atakayekupa hiyo kutoka mfukoni kwake. Angalizo ni kwamba kuna tarehe zimefungiwa, hasa za sikukuu, na hii nafasi unainunua ukiwa kwenye meli ya Disney tu, kwa hiyo safari ya kwanza utalipa kama wengine. Kwa MamaKelvin maana yake mkienda Disney mara moja msishuke bila kuinunua.

Mzigo_Seattle
Princess, kampuni nyingine ya kruzi, nao wana kitu karibu na hicho kwa upande wa uhuru, sio wa punguzo. Unaweka dola 100 kwa kichwa, huchagui kitu, una miaka miwili ya kuamua, usipotumia unarudishiwa, ukitumia unapata krediti kulingana na urefu wa safari na kabini, afu inakuwa ndo dipoziti yako. Sisi tunaopenda Alaska tunaona ni sawa maana hatujui majira ya kiangazi mwakani kazini itakuwaje. Norwegian wana CruiseNext, nacho ni cheti unanunua ndani ya meli unakitumia baadaye, ila soma sehemu ya kurudishiwa kabla hujatoa kadi. Nasema hivi kwa sababu swali la "melini inaokoa?" haliwezi kuwa na jibu moja, kila kampuni ina mtego na zawadi yake.

Chogo_wa_Bahati
Na njia ya tatu ya baba Kelvin mbona hamuigusi? Ofa za Januari hadi Machi, ndo msimu kampuni zote zinapigana bei.

Nahodha_Tampa
Naigusa. Ofa za Januari nyingi ni marupurupu, mtu wa tatu na wa nne bure kwenye kabini, tipu zimelipwa, vinywaji na intaneti ndani. Kwa wiki ya kawaida ya Septemba au mwanzoni mwa Desemba zinaweza kuishinda krediti ya melini, sibishi. Ila MamaKelvin ana watoto wa shule, atasafiri likizo ya majira ya joto, wiki ya Thanksgiving au Krismasi, na hizo wiki bei haziendi chini kadiri siku zinavyosogea, zinapanda, na kabini za watu wanne zinaisha mapema kwa sababu kila meli ina idadi yake ya kabini zenye vitanda vya juu. Ratiba zinafunguliwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla, na kwa wiki za sikukuu siku ya kufunguliwa ndo mara nyingi bei nzuri. Kwa mtu kama huyo kushika kabini melini halafu kuvizia Januari ikishuka akapige simu kunampa zote mbili. Asiye na watoto, anayeweza kuondoka Jumamosi yoyote, huyo asubiri na hatapungukiwa.

Wakala_Mwema
Naongea kama ajenti niliyeko Maryland, kwa uwazi kabisa nalipwa kamisheni. Watu wanadhani lazima uchague kati ya melini na ajenti. Si hivyo. Kama safari ya sasa ulibuku kupitia ajenti, ukibuku nyingine melini inaweza kuingia chini ya jina lake moja kwa moja, mwambie tu yule mhudumu. Kama ulibuku mwenyewe moja kwa moja na kampuni, unaweza kuihamisha kwa ajenti ukirudi, ila kuna muda maalum wa kufanya hivyo na ukipita haihamishiki tena, kwa hiyo piga simu wiki ileile unayoshuka. Ajenti wengi tunagawa sehemu ya kamisheni kama krediti. Unakuwa na krediti ya melini pamoja na ya ajenti juu ya kabini moja. Na kuna mtu wa kukuchungulia bei badala ya wewe kukaa na skrini shoti.

Mjukuu_wa_Pangani
Jamani hakuna aliyetaja pasipoti? Mimi niko Muscat, nimeona Watanzania na Wakenya wenzangu wanabuku Mediterania wakiwa kwenye kruzi ya Dubai kwa sababu ofa ilikuwa tamu, dipoziti isiyorudi, halafu viza ya Schengen ikanyimwa. Sisi tunaosafiri na pasipoti za nyumbani hesabu yetu ni tofauti. Meli ikianzia Barcelona ikipita Istanbul ikarudi Italia umetoka Schengen ukaingia tena, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Hizo krediti za dola 100 si kitu mbele ya dipoziti ya familia iliyopotea na tiketi za ndege juu yake. Viza ikiwa haiko mkononi usiguse nauli isiyorudi, uwe melini uwe nyumbani.

Wakala_Mwema
Hili la Mjukuu lipewe uzito. Kwa wa Marekani, mwenye green card au viza halali ya Marekani hahitaji viza ya Mexico kwa hiyo Cozumel toka Galveston haina shida upande huo, ila wanafunzi na wenye viza za kazi waangalie muhuri wao kama bado unaruhusu kuingia tena Marekani siku meli inaporudi, sio siku mnayobuku.

MamaKelvin_Katy
Asanteni sana, nimemsomea baba Kelvin yote mpaka la Mjukuu. Tumekubaliana tutaenda deskini siku ya pili na tarehe za shule, tutachukua makadirio ya Thanksgiving ya mwaka kesho kutwa, dipoziti inayorudi hata kama nauli imezidi kidogo maana zamu zake za hospitali hazitabiriki, na tutaweka jina la ajenti wetu. Disney itasubiri. Swali la mwisho, hiyo krediti tutaitumia kwenye safari hii hii au ile ijayo?

Msosi_Deki5
Kwa Royal kwa kawaida ni ile ijayo. Kuna nyakati wanatoa ya papo hapo kama promo, ukipewa hiyo iangalie kwenye programu ya simu jioni ileile kama imeingia, na uitumie kabla ya usiku wa mwisho, maana krediti ya aina hii isiyotumika kwa kawaida inafutika meli ikifika bandarini. Deski la huduma usiku huo nalo lina foleni yake.