Utafiti wa maisha ya wakataji mikoko Lamu: wakfu gani utafadhili swali la watu badala ya miti?

Mwanafunzi wa Mkomani

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninasoma shahada ya uzamili, na ninakusudia kuchunguza jinsi nyumba zilizotegemea ukataji wa mikoko zilivyojimudu tangu marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018. Ninataka kujua nani alikopa, nani aliingia baharini kuvua, na wanawake waliotunza nyumba kwa fedha za boriti na mazio, yaani nguzo za mikoko, walipata wapi posho baada ya hapo. Kila wakfu ninaousoma unatangaza kufadhili jamii endelevu, lakini fomu zake zinauliza ekari zilizopandwa na kaboni iliyohifadhiwa. Msimamizi wangu ananishauri nijiunge na mradi wa wanabiolojia, sehemu yangu iwe kipengele cha mwisho. Je, ipo njia ya swali la kijamii kusimama lenyewe?

Mtafiti, Malindi

Waaleikum salaam. Nadhani unasoma matangazo ya aina mbili kana kwamba ni moja. Wakfu unaofadhili miradi ya uhifadhi utakuuliza ekari, kwa sababu nao unawajibika kwa waliotoa fedha. Wakfu unaofadhili utafiti huuliza jambo jingine: swali lako ni jipya kiasi gani, na utalijibu kwa njia ipi.

Mifano ipo, na asili ya fedha inaeleza mengi kuhusu tabia ya mfadhili. Riksbankens Jubileumsfond ya Sweden ilitokana na mchango wa benki kuu ya nchi hiyo mwaka 1962, na kazi yake ni sayansi za jamii na taaluma za utu. Mistra, ya hukohuko Sweden, ilianzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya utafiti wa mazingira, na hupenda kuona watakaotumia matokeo wakishirikishwa tangu mwanzo. Volkswagen Foundation ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1961, hujitegemea mbali na kampuni ya magari, ingawa jina huwapotosha wengi. Hata hivyo, usitumie usiku wako kujaza fomu za hao: kwa kawaida hushughulika na watafiti waliokwisha kupata uzamivu na walio katika taasisi. Kwa hatua uliyopo, anza na WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, ambayo hutoa ruzuku ndogo na haiwafungii mlango watu wa sayansi ya jamii.

Katika ombi lenyewe, usiombe radhi kwa kutokuwa na ekari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe takriban shilingi bilioni 1.76, na hukumu hiyo iligusa riziki, utamaduni na haki ya wananchi kushirikishwa. Hakuna hesabu ya miti inayoweza kujibu mambo hayo matatu. Mfadhili akiuliza utafiti wako una manufaa gani, mwonyeshe hapo.

Mvuvi wa Kizingitini

Mwanangu, mimi si msomi, ila nimehojiwa na wasomi wengi. Huja na karatasi, hutuuliza tunavua nini na tunapata kiasi gani, kisha hatuwaoni tena. Katika hiyo bajeti yako tia fedha za kurudi kutusomea ulichokipata, kwa Kiswahili, barazani, kabla hujakipeleka kwa waliokulipa. Wakikataa kulipia hilo, mimi ningewashuku.

Mratibu wa utafiti, Kilifi

Nakubaliana na mzee, na ninaongeza ya ofisini. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hutakiwa chini ya sheria ya mwaka 2013, na kabla yake utahitaji idhini ya kamati ya maadili. Usipange kuanza mahojiano mwezi uleule fedha zinapoingia. Pia tazama majira ya upepo wa kusi: safari za mashua kwenda Pate na Kiunga huwa ngumu, na ratiba iliyoandikwa Nairobi haijui hilo.

Ninapotofautiana na ndugu wa Malindi ni juu ya wanabiolojia, ambao yeye amewapita kimya. Usiwakimbie. Jiunge nao, lakini kwa sharti kwamba swali lako liandikwe katika ukurasa wa kwanza na fungu lako la fedha lisimamiwe nawe. Kipengele cha mwisho ndicho hukatwa kwanza bajeti inapopungua.

Mwanafunzi wa Mkomani

Ahsanteni sana, nawe mzee shikamoo. Nina swali moja zaidi: je, niwalipe ninaowahoji?

Mratibu wa utafiti, Kilifi

Usilipie majibu. Fidia muda wao na nauli, kwa kiwango kimoja kwa wote, na kiandike wazi katika maombi ya kamati ya maadili ili kisije kuonekana baadaye kuwa ni hongo.