Shahada ya jiolojia, kisima hakijui: kosa la nani?

Fundi Visima: Asalaam alaykum. Nimeletewa kijana ana shahada ya jiolojia, aje ajifunze kazi. Nikampa vumbi na vipande vinavyotoka shimoni, nikamwambia aandike kila mita tunakata nini. Akaniuliza, "Tunatumia programu gani?" Nikamwambia kalamu. Udongo wa mfinyanzi akauandika jiwe la chokaa! Huko vyuoni wanasomeshwa nini? Mzee wangu wa Makunduchi, anayetafuta maji kwa kijiti cha mpera, anamshinda.

Bint Konde: Ami, kijiti? Mie ni mhitimu kama huyo. Fildi nimetoka mara mbili tu, basi moja watu sitini, mashine ya kupimia ardhi moja na betri imekufa. Nlichosoma zaidi ni migongo ya wenzangu. Tumekaririshwa dhahabu ya Geita na miamba ya matale ya Mwanza, ya matumbawe ya kwetu nani katusomesha?

Mtu wa Fuoni: Kijiti msikidharau. Kisima cha marehemu baba kilitafutwa hivyo hivyo, na maji tunakunywa mpaka leo.

Jiwe la Maweni: Sheikh, huko kusini na mashariki ya Unguja ni jiwe la matumbawe, matundu matupu. Mvua inazama, maji matamu yanakwenda kuelea juu ya maji ya bahari. Chimba popote utayafikia, sasa kijiti kitakosea vipi? Kazi ni kujua ukomee wapi. Maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yanashuka kama mita 40. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kijiti hakikwambii hilo.

Mtu wa Fuoni: Kwa hiyo baba yangu mjinga?

Jiwe la Maweni: Nimesema kijiti.

Mtu wa Fuoni: Kijiti kilishikwa na nani? Marehemu huyo, mchunge ulimi.

Fundi Visima: Jamani, turudi kwenye mada. Vijana hawa...

Bint Konde: Mada umeizika mwenyewe na mpera wako, ami. Na huyo kijana unamlipa?

Fundi Visima: Nampa nauli.

Bint Konde: Nauli! Miaka yote hiyo chuoni, nauli! Halafu unataka akutambulie mfinyanzi.

Fundi Visima: Na chakula cha mchana.

Mpita Njia: Samahanini, huyo mzee wa Makunduchi anachukua shilingi ngapi? Nna kiwanja Fumba.